Bei ya Mgeni

Nimesoma mbao za ada za klabu za gofu nyingi kuliko inavyompasa mtu asiyecheza gofu. Nazisoma taratibu, neno kwa neno, kwa sababu naona zinasema mengi kuliko vipeperushi vyote ambavyo klabu hizo huchapisha. Ubao wa kawaida nchini Kenya una ngazi tano hivi. Juu kabisa yupo mwanachama, ambaye mara nyingi hana tarakimu yoyote mbele yake. Anafuatwa na mgeni aliyeletwa na mwanachama. Halafu mwanachama wa klabu rafiki, halafu mkaazi wa Afrika Mashariki, na chini kabisa mgeni kutoka nje, mwenye tarakimu ndefu kuliko wote. Ni hadithi yenye wahusika watano na haina kitenzi hata kimoja.

Anayenishughulisha ni huyo wa mwisho. Kiswahili kina neno moja kwa mtu anayekaribishwa na kwa mtu asiyejulikana. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizo zinavutana, lakini zote mbili zinamchukulia mgeni kuwa mtu mwenye jambo na mwenyeji wake: ama ameleta heri, ama amekula vya kutosha na sasa alime. Ubao wa ada umefuta uhusiano huo ukabakiza bei. Wanaolalamika kwamba gofu imekuwa ghali, na wengi wao ni wachezaji wenyewe, huishia kwenye ukubwa wa tarakimu. Mimi nataka kujua tarakimu hiyo inalinda nini. Nikishajua, ndipo naweza kusema kama ni ghali.

Nianze mahali ambapo mchezo wenyewe hujinasibu kuzaliwa. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili huko Dundee, Uskoti, basi namba 99 lilikuwa likivuka mto Tay na kunifikisha St Andrews kwa muda wa nusu saa hivi. Mji ni mdogo, una chuo kikuu cha zamani, magofu ya kanisa kuu, upepo usio na adabu, na uwanja wa gofu maarufu kuliko mwingine wowote duniani. Unaitwa Old Course. Hata mashimo 18 yanayochezwa leo Nairobi, Tokyo na Johannesburg yalitokana na uamuzi uliofanywa pale mwaka 1764, mashimo 22 yalipopunguzwa.

Asiyejua hudhani mahali pa sifa namna hiyo ni mali ya mabwana fulani. Kwa asili ni malisho ya watu wa mji. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alipata ruhusa ya kufuga sungura kwenye ule uwanda wa mchanga na nyasi ulioko ufukweni, na hati iliyoandikwa ikahifadhi haki za wenyeji: kulisha mifugo yao, kukata mabonge ya nyasi na udongo, kucheza mpira, kulenga shabaha, na kucheza gofu. Gofu imo kwenye orodha moja na kondoo. Hakuna aliyefikiri kwamba inastahili uzio.

Kisha mji ukaingia kwenye madeni. Mwaka 1797 ardhi ile ikauzwa, na baadaye ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara walioijaza sungura. Sungura wakafanya kazi yao ya kuchimba. Wachezaji wakatumbukia kwenye mashimo ambayo hayakuwa ya gofu, wenyeji wakaanza kuwawinda sungura wakidai ni haki yao, kesi zikapanda mahakamani, na ugomvi ukadumu zaidi ya miaka 20 hadi mwaka 1821, pale James Cheape, mwenye shamba la jirani na mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi yote na kuwaondoa sungura. Mwaka 1894 mji ukairudisha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge.

Waandishi wa safari huipita sehemu ya sungura wakicheka kidogo, kisha wanakimbilia daraja la Swilcan wapige picha. Mimi naona hapo ndipo palipo na funzo la biashara lililo wazi kuliko yote. Mji wenye madeni unauza ardhi ya wote kwa mtu mwenye bidhaa inayopata soko. Wakati ule bidhaa ilikuwa nyama na ngozi, na gofu ndiyo iliyokuwa kero ya bure iliyokaa njiani. Leo gofu ndiyo sungura.

Na bado, wenyeji hawakushindwa moja kwa moja. Kwa karne nyingi hapakuwa na malipo ya kucheza Old Course. Wageni walianza kutozwa mwaka 1913. Wakaazi wa mji waliendelea kucheza bila kulipa hadi mwaka 1946. Kwa miaka ile 33 maana ya ada ilikuwa wazi kabisa: uwanja ni wa mji, wewe si wa mji, changia mchango wako. Hilo ni jembe la siku ya tatu, na sioni ubaya wake. Tangu 1974 viwanja vyote vya pale, ambavyo sasa vimefika saba, vinaendeshwa na St Andrews Links Trust, chombo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge. Sisi tuna neno la kukitaja: wakfu. Mtu wa Lamu au wa Unguja hahitaji maelezo. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, na mapato yake yana walengwa wanaojulikana.

Walengwa wa wakfu huu bado wapo. Mkaazi wa mji hulipa mia chache za pauni kwa tiketi ya mwaka mzima, akacheza kadiri miguu yake itakavyoweza. Mgeni, katika msimu wa watu wengi, alilipa pauni 190 kwa mzunguko mmoja mwaka 2019, na pauni 340 mwaka 2025. Miaka sita, karibu maradufu. Nyasi ni zilezile, na mvua ya Uskoti haijawahi kutuma ankara. Kilichoongezeka ni idadi ya watu duniani wanaotaka kusema walishafika.

Hapa nitawaudhi baadhi ya marafiki zangu. Tarakimu hiyo hainisumbui sana. Mtu aliyepanda ndege kutoka Texas na seti ya fimbo za maelfu ya dola akimlipia fundi bomba wa St Andrews acheze kwa bei ndogo jioni baada ya kazi, huo ni mgawanyo ambao nimeshuhudia ukishindikana katika sekta nyingine nyingi. Laiti mbuga zetu zote zingekuwa na mahesabu ya wazi namna hiyo kati ya anacholipa mtalii na anachopata mtu wa kijiji cha jirani.

Kinachonisumbua kipo pembeni ya tarakimu. Kuna njia kadhaa za kupata nafasi ya kucheza Old Course. Moja ni kura: unaandikisha jina siku mbili kabla, kompyuta inachagua, bilionea na mwalimu wa shule wakiwa kwenye kapu moja. Njia nyingine ilikuwa ya watu wanaokuja peke yao. Walipanga foleni nje ya banda la kuanzia, wengine tangu usiku wa manane, wamejifunika blanketi kwenye sakafu ya saruji, wakingoja kuona kama kundi la watatu litahitaji mtu wa nne. Foleni hiyo ilifutwa mwaka 2024 ikawekwa kura ya kidijitali, na sina uchungu nayo. Baridi ya Uskoti si chujio la haki. Lakini ipo njia nyingine ambayo haina kura wala foleni. Sehemu ya nafasi huuzwa kupitia kampuni za utalii zilizoidhinishwa, zikiwa zimefungwa pamoja na hoteli, usafiri na mizunguko ya viwanja vingine. Mwenye uwezo wa kununua furushi zima ana uhakika wa nafasi yake. Asiye na uwezo anaomba Mungu na kompyuta.

Furushi hilo halionekani kwenye ubao wa ada. Ubao wa mwaka 2025 ulisema 340, na 340 ilikuwa kweli, ila ni kweli ya mtu mwenye bahati. Bei halisi ya uhakika iko kwenye tovuti ya mtu mwingine. Kama msomaji wa mbao hizi, hilo ndilo naliita udhaifu wa maandishi: msimulizi anajua zaidi ya anavyosema.

Lugha ya mafurushi hayo pia inastahili kutazamwa. Neno lake pendwa ni kwamba hii ni safari ya mara moja maishani. Linasikika kama sifa, lakini ni kanuni ya kupanga bei. Mteja anayerudi kila mwaka ana kumbukumbu. Atauliza kwa nini mwaka jana ilikuwa pungufu. Mteja wa mara moja maishani hana cha kulinganisha. Methali zetu zote mbili hazimjui mgeni wa aina hii. Hana siku ya tatu, kwa hiyo hapewi jembe, na hakuna anayepona kwa kuja kwake.

Nimesema wakfu ule bado una uhai, na ushahidi wangu mkubwa ni Jumapili. Kila Jumapili Old Course hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa yakiwepo mashindano makubwa. Siku hiyo uwanja hugeuka bustani ya mji. Nimeona watoto wakiteleza ndani ya mashimo ya mchanga ambayo mabingwa wa dunia wamelilia humo, nimeona mabibi na mbwa wao wakikata katikati ya shimo la 18, mtu na mkewe wakila mikate yao mahali ambapo kesho yake mgeni atasimama akitetemeka kwa furaha. Piga hesabu kwa bei ya mwaka 2025: siku nzima ya kiangazi, kila dakika kumi kundi la watu wanne, pauni 340 kwa kila kichwa. Fedha hizo zote hazichukuliwi, wiki baada ya wiki, ili mbwa atembee. Sijawahi kuona tangazo la gofu lililonishawishi zaidi ya hilo.

Kwa upande wa pili wa nchi hiyohiyo kuna Turnberry, uwanja wa hoteli alioununua Donald Trump mwaka 2014. Kwa mwaka 2025 bei yake kwa mgeni asiyelala hotelini ilifika pauni 1,000 kwa saa za asubuhi. Sina mengi ya kusema juu ya tarakimu hiyo kwa sababu nyuma yake hamna mtu. Hakuna mji unaolindwa wala tiketi ya fundi bomba, na Jumapili pale ni siku ya biashara kama siku nyingine. Ni bei inayojitangaza yenyewe, basi.

Wamarekani wana mfano ulio mgumu zaidi. Bethpage Black, nje kidogo ya jiji la New York, ni uwanja wa hifadhi ya jimbo uliofunguliwa mwaka 1936, enzi ya kazi za kuwanusuru wasio na ajira. Mkaazi wa jimbo hucheza kwa chini ya dola 100; anayetoka jimbo jingine hulipa zaidi; na watu hulala ndani ya magari kwenye maegesho yenye namba ili wapate zamu alfajiri. Uwanja wa umma, kwa maana tunayoielewa. Mwaka 2025 ukaandaliwa hapo Ryder Cup, na tiketi ya kutazama siku moja ya mashindano ikauzwa kwa karibu dola 750. Ikawa kuutazama uwanja ni ghali mara nyingi kuliko kuucheza. Ardhi ilibaki ya umma wakati wote huo; kilichouzwa ni wiki moja. Nadhani ndivyo biashara inavyoingia sehemu nyingi: hainunui ardhi, inanunua kalenda.

Na kalenda ndiyo inayonirudisha nyumbani.

Gofu ilikuja Afrika Mashariki mapema mno. Klabu ya Entebbe ilianza mwaka 1901. Klabu ya Nairobi ilianza mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka saba, ukiwa bado kambi ya reli yenye matope. Waliouleta mchezo walikuwa Waingereza na Waskoti, na wangeweza kuuleta na desturi zake zote. Walichobeba ni jengo la klabu: kamati, wapendekezaji wawili, kanuni ya mavazi, baa. Malisho ya pamoja waliyaacha kwao. Hapa malisho yalikuwepo, na jina la Nairobi ni la Kimaasai. Yalikuwa ya watu ambao hawakualikwa kwenye kamati. Kwa hiyo tuliurithi mchezo kichwa chini. Kule uzio ulikuja baada ya haki ya wote, na haki ikaupunguza ukali. Huku tulianza na uzio. Waafrika wa kwanza waliokanyaga nyasi zile walikuwa na mifuko ya watu wengine mabegani.

Ndiyo maana siwezi kuusoma ubao wa ada wa Kenya kwa jicho nililousomea ule wa St Andrews. Mgeni anatozwa zaidi pia hapa, lakini anayelindwa na tofauti hiyo ni mwanachama, mtu ambaye tayari aliweza kulipa kiingilio. Pesa za mgeni zinamwagilia nyasi za mwanachama. Hilo ni halali yao, klabu ni yao. Ninachokataa ni ile hewa ya ukarimu inayozungushiwa ada hiyo, kana kwamba kuwafungulia wageni wenye pesa ni kuufungua mchezo.

Mjomba wangu alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, katika klabu moja ya mji wetu wa nyanda za juu, kwa zaidi ya miaka 20. Alijua mteremko wa kila shimo kama anavyojua ngazi za nyumba yake. Siku ambazo alimbebea mgeni kutoka nje, mgeni yule alikuwa amelipa klabu kwa asubuhi moja zaidi ya alichopata mjomba kwa wiki nzima. Mjomba hakulalamika juu ya hilo, kwa kuwa wageni walitoa bahashishi nzuri kuliko wanachama. “Mwenyeji anakujua shida zako,” alizoea kusema, “kwa hiyo ameshazizoea.”

Alichokuwa nacho yeye ni Jumatatu. Jumatatu klabu ilifungwa kwa wanachama, nyasi zikatwe, na kwa desturi isiyoandikwa popote makedi waliruhusiwa kucheza. Walikuja na fimbo zilizookotwa na kuungwa, mipira iliyovuliwa bwawani, viatu vya kila namna. Nilipelekwa mara kadhaa nikiwa mtoto. Sitasema kwamba nilielewa nilichokuwa nakiona, ila nakumbuka kelele: Jumatatu uwanja ulikuwa na kelele, watu wakitaniana kutoka shimo moja hadi jingine, na mjomba, ambaye siku nyingine zote alitembea hatua mbili nyuma ya mtu, akitembea katikati kabisa.

Wakati mwingine ukisikia watu wakieleza kwamba wachezaji wetu wa kulipwa wametoka kwa makedi, fahamu kwamba wanazungumzia siku kama zile. Hakuna mtu aliyewalipia masomo ya gofu. Waliiba mchezo kwa macho siku sita na kuujaribu siku ya saba.

Siku zile zimekwisha katika klabu ile. Jumatatu iliuzwa. Hakuna aliyekutana na makedi kuwaambia. Mashindano ya kampuni yalianza kuombewa nafasi, benki leo, kampuni ya bima wiki ijayo, mabango kila shimo, mahema ya chakula, na kwa kuwa wanachama hawakutaka kupoteza Jumamosi yao, siku iliyokuwa tupu ikatazamwa. Desturi isiyoandikwa haina wakili. Watu wa St Andrews walikuwa na hati ya mwaka 1552 ya kupeleka mahakamani. Makedi wa kwetu walikuwa na mazoea.

Huku pwani mambo yameenda hatua nyingine. Vipingo, Kilifi, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya mkonge, kuna uwanja mzuri sana ambao umeshaandaa mashindano ya kimataifa ya wanawake, na pembeni yake nyumba za kuuza. Mtindo huu umeenea nchini: uwanja unajengwa ili kiwanja kilichopakana nao kipande bei. Katika mahali kama hapo ada ya mgeni ni kitu cha ajabu kidogo. Unalipa kuingia kwenye duka la maonyesho, na bidhaa inayoonyeshwa ni dirisha la mtu mwingine. Simdharau anayecheza huko. Ila ningependa tuache kuuita huo ukuaji wa gofu, wakati kinachokua ni thamani ya kuta.

Mjomba amestaafu. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimu hakuwepo nyumbani, nikaelekezwa kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, nao ulikuwa Jumapili mchana. Yeye na wenzake sita, wengine vijana wa rika langu, wamechimba mashimo matano kwenye nyasi zinazobaki kati ya goli na shamba la mahindi. Bendera ni vipande vya gunia. Mbuzi wa mlinzi wa shule ndiye anayekata nyasi, na kuna kanuni kuhusu mpira unaosimama chini ya mbuzi, ambayo nilielezwa kwa urefu na bado sijaielewa vizuri. Niliuliza, kwa utani, ada ya mgeni ni kiasi gani. Mjomba alilichukua swali kwa uzito wake wote, akashauriana na wenzake. Mgeni, wakaamua, anakuja na mpira wake, na ukipotelea kwenye mahindi haruhusiwi kuingia kuutafuta mpaka mwenye shamba avune.